Mwenye Nyumba Chache na Programu za Kusimamia Upangaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye nyumba au vyumba vichache vya kupangisha, asiye na karani wala ofisi, anayefuatilia kodi mwenyewe jioni baada ya shughuli zake nyingine. Majibu yote yana msimamo mmoja: kazi ya kukumbuka ipewe mashine, kazi ya kuamua ibaki kwa mtu. Mahali pengine jibu litakuwa kali, kwa sababu anayepokea kila ujumbe wa mfumo ni mtu ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake.

Programu hizi hasa zinafanya nini?

Zinafuata masharti uliyoziwekea. Tarehe fulani ikifika, zinatuma ankara. Malipo yakiingia, zinatoa risiti na kupunguza deni. Mkataba ukibakiza siku 60, zinakukumbusha uzungumze na mpangaji. Ukizivua mapambo yote, nyingi ni daftari la wapangaji lililounganishwa na kalenda, njia ya malipo na njia ya kutuma ujumbe.

Nina vyumba vinne tu. Kweli nahitaji programu?

Usihesabu vyumba, hesabu mambo unayoyabeba kichwani. Kila chumba kina tarehe ya kodi, amana, mwisho wa mkataba, usomaji wa mita, matengenezo ambayo hayajakamilika na namba ya ndugu wa kupigiwa ikitokea dharura. Vyumba vinne tayari ni mambo 24. Mpangaji akikuuliza leo anadaiwa kiasi gani, nawe ikabidi upekue meseji za miezi mitatu ndipo umjibu, umeshafika mahali pa kusaidiwa.

Lakini kama una wapangaji wawili wanaolipa vizuri miaka yote, jedwali la kompyuta na kalenda ya simu vinatosha. Usilipie kila mwezi kitu ambacho hakikupunguzii kazi.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari, programu ije baadaye. Kumbukumbu zilizovurugika ukiziingiza kwenye mfumo, makosa yaleyale yatawafikia wapangaji kwa haraka zaidi, tena yakiwa na sura ya uhakika ambayo hayakuwa nayo yalipokuwa kwenye karatasi.

Kwanza, kila chumba kipewe alama ya kudumu: A1, A2, B3. Alama ni ya chumba na haihami na mpangaji. Pili, kila mpangaji awe na leja yake yenye safu tano: tarehe, maelezo, anachodaiwa, alicholipa, salio. Wengi wana orodha ya majina yenye alama ya vema mbele ya aliyelipa, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Chukua kodi ya 100. Tarehe 1 anadaiwa 100. Tarehe 4 analipa 60, salio 40. Tarehe 9 ananunua koki ya jikoni kwa 10 kwa makubaliano nawe, salio 30. Tarehe 15 analipa 30, salio 0. Kwenye leja hiyo ni mistari minne isiyo na utata. Kwenye orodha ya vema, tarehe 4 ungeandika nini, amelipa au hajalipa? Na ile koki ungeiweka wapi?

Tatu, na hatua hii wengi huiruka: kabla mfumo haujatuma ujumbe wowote, mpe kila mpangaji leja yake aione. Muulize kama salio la kuanzia linalingana na risiti alizonazo. Mkishakubaliana, liandike kama mstari wa kwanza. Mfumo ukianza na salio linalobishaniwa, kila ujumbe utakaofuata utabishaniwa.

Baada ya hapo fanya jambo moja tu kuwa la otomatiki, ulizoee mwezi mmoja au miwili, ndipo uongeze jingine. Ushauri wangu ni kuanza na risiti, si kumbusho la kodi. Risiti inayofika dakika chache baada ya malipo inamlinda mpangaji, na anaujua mfumo kwa wema wake kabla haujamdai chochote.

Mfumo unajuaje nani amelipa?

Hili ndilo eneo gumu kuliko yote, na ndilo la kulikagua zaidi unapochagua programu.

Malipo yanapoingia yanakuja na vitu vichache: kiasi, muda, jina la aliyetuma, namba ya muamala, na labda maelezo mafupi. Jina ndilo la kuaminiwa kidogo kuliko yote. Mume hulipa kwa akaunti ya mke, mwajiri humlipia mfanyakazi, mtoto hutuma kutoka mbali, na wapangaji wawili wanaweza kufanana majina. Kwa hiyo wafundishe wapangaji kuandika alama ya chumba kwenye maelezo, na uweke sharti hili: alama ya chumba ikilingana, na kiasi kikiwa hakizidi deni, malipo yaingie yenyewe, kinyume cha hapo yakae kwenye kapu la malipo yasiyotambuliwa hadi wewe uyaangalie. Programu isiruhusiwe kukisia. Kodi ya B3 ikiingizwa kwa B2, siku hiyo umemsamehe mmoja na kumsingizia mwingine.

Kuna mitego miwili zaidi. Malipo yaleyale yanaweza kufika mara mbili, mara moja kama taarifa ya papo hapo na tena ndani ya taarifa ya benki ya mwisho wa mwezi. Hakikisha mfumo unatumia namba ya muamala kama kitambulisho, na ukiiona mara ya pili unaikataa. Pia malipo ya benki yaliyotumwa Ijumaa jioni yanaweza kuonekana Jumatatu. Hesabu ucheleweshaji kwa tarehe aliyotuma mpangaji.

Akaunti ya kodi iwe peke yake. Ukichanganya kodi za nyumba na mshahara, ada za shule na pesa za matumizi, hakuna programu itakayokutengenezea hesabu safi.

Ujumbe wa kukumbusha uandikwe vipi, na utumwe lini?

Mfano wa ujumbe kwa mpangaji aliyekwisha kulipa sehemu:

"Habari za asubuhi. Kodi ya B3 ya mwezi huu ni 100, mwisho tarehe 5. Umelipa 60, asante, bado 40. Ukilipa andika B3. Ukiwa na jambo nijibu hapa au nipigie."

Umetambua alicholipa kabla ya kutaja anachodaiwa. Una tarehe, kiasi na alama ya kuandika. Na unaweza kujibiwa, kwa hiyo usiutume kwa njia isiyopokea majibu. Mwenye shida aseme mapema badala ya kunyamaza. Urefu wake hauvuki herufi 160, ambao ndio ukomo wa meseji moja ya kawaida. Ukiongeza hata kikaragosi (emoji) kimoja, ukomo hushuka hadi herufi 70 na meseji moja inahesabiwa kuwa mbili au tatu. Kwa wapangaji kumi si neno, lakini gharama hiyo hurudi kila mwezi.

Kuhusu ratiba, naona inatosha kutuma siku tatu kabla, siku yenyewe, na siku tatu baada. Kisha mfumo unyamaze, wewe upige simu. Ujumbe wa tano hauna habari mpya, na mtu aliyekosa kazi wiki iliyopita hasaidiwi na mashine inayomkumbusha kila asubuhi.

Mambo mawili ya kiufundi. Mfumo uangalie leja dakika ileile ya kutuma, si siku ulipopanga ratiba, la sivyo aliyelipa jana atadaiwa leo. Na kagua saa za eneo kwenye mipangilio: programu nyingi huhifadhi muda kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na usiporekebisha, ujumbe unaweza kufika saa kadhaa kabla au baada ya muda uliokusudia.

Kodi yangu hulipwa tarehe 31. Kuna shida?

Ipo. Miezi mitano haina tarehe 31, na programu hutofautiana: moja itaruka mwezi mzima, nyingine itasogeza mbele, nyingine itarudi nyuma. Chagua tarehe kati ya 1 na 28.

Faini za kuchelewa zijiweke zenyewe?

Hapana. Mfumo ukuandalie tu, wewe ndiye uidhinishe. Faini inatakiwa iwe imeandikwa kwenye mkataba na iruhusiwe na sheria ya mahali ulipo, na mashine haijui kama mpangaji alikupigia juzi mkakubaliana alipe mwisho wa wiki. Chunga pia programu inayotoza faini juu ya faini. Mipangilio hiyo huwa imejificha. Notisi ya kuhama ndiyo kabisa isitumwe na mfumo. Iandike wewe, iwasilishe kwa njia inayotakiwa na sheria.

Maombi ya matengenezo nayo?

Hapa programu huleta faida ambayo wenye nyumba wengi hawaitarajii. Mpangaji anatuma picha na maelezo mafupi, ombi linapewa namba na saa, fundi anapewa kazi, na kila mtu anaona lilipofikia. Malalamiko ya "nilikwambia mwezi uliopita" yanakwisha, kwa sababu tarehe ipo.

Gawa maombi katika dharura, haraka na kawaida. Dharura ni maji yanayofurika, harufu ya gesi, waya unaochoma, mlango wa nje usiofunga. Dharura ipige simu yako kwa sauti. Ikija kama barua pepe utaisoma kesho yake. Na njia ya dharura isitegemee programu hata kidogo: namba yako na ya fundi wa karibu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa kila nyumba, maana intaneti inaweza kukatika usiku uleule bomba linapopasuka.

Anayefunga ombi awe mpangaji. Fundi akisema amemaliza, mfumo umuulize mpangaji kama maji yanatoka. Mpangilio huu mdogo huinua ubora wa kazi kuliko kumsimamia fundi.

Ukishakusanya kumbukumbu za mwaka mzima zisome kwa kila kifaa. Pampu iliyotengenezwa mara tatu inadai kubadilishwa. Weka pia kazi za kinga zinazojirudia: kubonyeza kitufe cha kujaribu king'ora cha moshi kila mwezi, kukagua mitungi ya kuzimia moto, kusafisha matangi na mifereji kabla ya mvua. Ving'ora vya moshi hubadilishwa vikifika miaka 10 tangu kutengenezwa. Tarehe imechapwa nyuma yake. Iingize kwenye mfumo siku unapokifunga, kwa sababu hakuna mtu anayekumbuka jambo la miaka 10 iliyopita.

Je, programu inichagulie mpangaji?

Ikusanye maombi, ikuoneshe nani hajakamilisha nyaraka, lakini alama ya "anafaa" au "hafai" usiitegemee. Nchini Marekani kampuni ya SafeRent, inayowapa alama waombaji wa nyumba, ilishtakiwa kwamba alama zake ziliwaumiza waombaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wakitumia vocha za makazi, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Mwaka 2024 mahakama iliidhinisha maridhiano ya zaidi ya dola milioni 2. Kampuni haikukiri kosa, ila ilikubali kuacha kwa miaka mitano kutoa alama hizo kwa waombaji wenye vocha. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 25, 2018 inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Kwako wewe mwenye nyumba chache, andika vigezo vyako kabla hujapokea maombi, vitumie kwa kila mtu sawasawa, na uweke kumbukumbu ya sababu ya kila uamuzi. Kisha mpigie mwenye nyumba wa awali wa mwombaji. Dakika tano za simu hiyo zinakueleza mengi ambayo alama haiwezi kukueleza.

Na kiwango cha kodi je, programu inipangie?

Agosti 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishtaki kampuni ya RealPage, ikidai kwamba programu yake ilitumia taarifa za siri za wenye nyumba wanaoshindana kupendekeza viwango vya kodi. Sababu hiyo peke yake inatosha kukufanya uulize takwimu za pendekezo zimetoka wapi.

Tumia takwimu zako mwenyewe. Mwezi mmoja nyumba ikikaa tupu ni sehemu moja ya 12 ya mapato ya mwaka, yaani zaidi ya asilimia 8. Kodi ya 100 kwa mwaka ni 1,200. Ukipandisha hadi 105, mpangaji akahama na nyumba ikalala mwezi mmoja, unabaki na 1,155, bado hujapaka rangi. Mfumo ukuoneshe siku ambazo kila nyumba ilikaa tupu. Ni takwimu ninayoithamini kuliko nyingine yoyote kwenye ripoti ya mwezi.

Naweza kuiachia akili mnemba (AI) iwajibu wapangaji?

Iandae rasimu, wewe usome na utume. Inafaa kwa kufupisha malalamiko marefu, kupanga maombi kwa uzito, au kulainisha ujumbe ulioandika ukiwa na hasira. Haifai kuiachia ahadi za matengenezo, pesa au sheria, kwa kuwa huweza kubuni jibu na kulisema kwa uhakika kamili. Februari 2024 baraza la kusuluhisha madai la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada linawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo roboti ya mazungumzo ya tovuti yake ilimpa abiria. Roboti yako ikimwahidi mpangaji punguzo, ujiandae kuambiwa kwamba ahadi ni yako.

Taarifa za wapangaji nizilindeje?

Zile usizozihitaji usizichukue. Nakala ya kitambulisho cha mwombaji uliyemkataa ifutwe mara muda wa kisheria wa kuitunza unapokwisha. Fundi aone anwani, tatizo na namba ya simu ya mpangaji, asione leja. Madeni yasitajwe kwenye kundi la wapangaji, hata kwa utani. Akaunti ya mfumo iwe na nenosiri lisilotumika kwingine, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Hatari kubwa zaidi ni ya kitapeli na ni rahisi mno: mtu anawatumia wapangaji ujumbe kwamba akaunti ya kulipia kodi imebadilika. Wapangaji wakishazoea ujumbe wa mfumo, wanaamini. Andika kwenye mkataba kabisa: "Akaunti ya malipo haitabadilishwa kwa ujumbe. Likitokea badiliko, mwenye nyumba atakueleza uso kwa uso au kwa simu kutoka namba hii." Kisha lishike sharti hilo wewe mwenyewe.

Kufuli za kidijitali zinafaa?

Zinasaidia hasa wapangaji wanapobadilika mara kwa mara, kwani unafuta msimbo badala ya kubadilisha kitasa. Hakikisha ina ufunguo wa kawaida wa akiba na inatoa onyo betri inapopungua. Kuweza kufungua mlango kwa simu hakukupi ruhusa ya kuingia. Toa taarifa kama ambavyo ungefanya ukiwa na ufunguo mkononi.

Wapangaji wasio na simu janja wafanyeje?

Wasilazimishwe. Meseji ya kawaida na risiti ya karatasi vibaki, nawe uingize malipo yao kwa mkono siku hiyohiyo. Programu inayodai kila mpangaji afungue akaunti ndipo ifanye kazi, mimi nisingeichukua.

Ninunue programu kamili au niunganishe vipande mwenyewe?

Ukipenda kuchezea kompyuta, fomu ya mtandaoni, jedwali na huduma ya kuunganisha kama Zapier vitakufikisha mbali. Tatizo huja siku kiungo kimoja kinapokatika kimyakimya na risiti zikaacha kwenda. Weka ujumbe wa kila wiki unaokujulisha wewe mwenyewe kwamba kila kitu kimetumwa. Usipoupata, nenda kakague.

Ukinunua, uliza maswali haya: inatoza kwa kila nyumba au kwa asilimia ya kodi? Makato ya muamala analipa nani, wewe au mpangaji? Malipo ya sehemu inayamudu? Na data zangu nazitoaje nikitaka kuondoka? Swali la mwisho lijaribu kwa vitendo katika kipindi cha majaribio: ingiza mpangaji wa kubuni, pakua leja yake, ifungue kwenye jedwali la kawaida. Ikikataa, achana nayo.

Kampuni ya programu ikifungwa ghafla?

Kila mwisho wa mwezi pakua leja zote kwa muundo wa CSV, yaani faili la jedwali linalofunguka kwenye programu nyingi, na mikataba na picha kwa PDF au muundo wa kawaida. Watu wa kompyuta wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Mara moja moja fungua nakala hizo uone kama zinasomeka.

Mpangaji anapohama, mfumo ufanye nini?

Kazi ya siku hiyo huanza siku alipoingia. Piga picha kila chumba kutoka pembe maalum, piga picha mita zikionesha namba, mpe mpangaji orodha ya hali ya vitu aikague na kuitia saini, kisha zihifadhi zote chini ya alama ya nyumba. Anapotoka, mfumo ukuletee picha hizo ili upige nyingine kutoka pembe zilezile mkiwa wawili. Rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu wa kawaida, mlango uliovunjwa ni uharibifu, na picha mbili zikikaa pamoja mabishano hupungua sana.

Taarifa ya amana iandikwe kwa mistari kama leja: kiasi kilichowekwa, kila makato na sababu yake pamoja na risiti ya fundi, na kinachorudishwa. Weka kumbusho la siku ya mwisho ya kurudisha kulingana na sheria na mkataba, na kumbusho jingine wiki moja kabla yake. Futa misimbo ya kufuli. Zima ujumbe wote wa mpangaji huyo siku hiyohiyo, maana kudaiwa kodi ya nyumba uliyokwisha kuhama kunaudhi kwa haki. Leja yake ifungwe na kuhifadhiwa, na anayeingia B3 afunguliwe leja mpya inayoanza na sifuri.